Udongo wa Mbuga Chini ya Sebule

Mama,

Sakafu ya sebuleni tumeibomoa. Naanza na hilo kwa sababu habari nyingine bado zinanishinda.

Siku ya msiba meza ya jeneza lako iliinamia dirishani, pale sakafu ilipozama, ikabidi wasukumie kipande cha tofali chini ya mguu mmoja. Watu wakaangaliana. Baba mdogo Yona, aliyeijenga sakafu ile kwa mikono yake, akasema, "Shemeji alizidi kudeki. Maji yake ndiyo yameididimiza." Mtani wetu Mama Shija akadakia palepale, kama watani wafanyavyo msibani. Akajifunga khanga yako, akapiga magoti na tambara, akadeki huku anazama. "Jamani nivuteni, nimeshafika kwa mababu!" Waombolezaji wakacheka. Mama, hata mimi nilitabasamu. Hilo sijamwambia mtu.

Nilijua si wewe. Darasani tulisoma kwa Kiingereza jinsi udongo mweusi unavyovimba kwa mvua na kusinyaa kiangazi. Mtihani nilijibu vizuri. Siku ile sikupata neno katika lugha yoyote.

Fundi mwingine alipopasua, chini ya zege palikuwa na uwazi wa kupitisha mkono. Halafu udongo wa mbuga, uleule mweusi unaovimba, na mabua ya mtama ndani yake. Moramu, ile changarawe nyekundu ya kushindilia chini ya sakafu, hakuna. Hapajawahi kushindiliwa. Baba mdogo alichota tu shambani nyuma ya nyumba, akafunika.

Sikumwambia yeye. Nilimpelekea Mama Shija bua moja na bonge la udongo, nikamweleza huku natazama miguu yangu. Akasema, "Mwanangu, umenichelewesha."

Siku ya kumaliza matanga akavaa kofia kama ya baba mdogo, akawa anatwanga chini kwa kidole kimoja. "Nashindilia hivi, shemeji hajui kitu." Mbele ya wazee wa kanisa, na mtani hashtakiwi. Baba mdogo aliinamia sahani mpaka wali ukapoa. Nilifurahi, Mama. Bado nafurahi.

Jumatatu baba mdogo akaja mwenyewe na shindilio. Anamwaga moramu kidogo, ananyunyiza maji, anatwanga, anaongeza. Nasimama mlangoni na pima maji, naangalia kama imenyooka. Akisema imetosha, nasema, "Samahani baba mdogo, rudia." Ameniomba nimtulize Mama Shija, asije akamwigiza kwenye harusi ya binti yake. Nimenyamaza. Kunyamaza ndiko ninakokuweza.

Pumzika, Mama. Sakafu yako itanyooka, nakuahidi. Kumsamehe sijakuahidi.