Kitabu Ulichozikwa Nacho

Wifi Asteria,

Sikuulizi hali, maana huko uliko hali haipandi wala haishuki. Nikupe za huku. Mama yako yupo, miguu tu ndiyo inamsumbua. Kaka yako yupo. Kuku wangu wamefika themanini na sita baada ya kicheche kuondoka na watatu. Na zimebaki wiki tisa nirudie mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne, ilhali wewe umelala na nusu ya kamusi yetu kifuani.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonikaba. Kulia nimeshakulilia. Leo nina malalamiko.

Unakumbuka siku tulipoikata. Kurasa 614, nilizihesabu mara mbili, nikaweka kisu cha mboga baada ya 307. Wewe ulikuwa unaenda Mwankoko kulima vitunguu vya watu, mimi nabaki Mungaa na kuku, na kamusi ni moja. "Wifi, taratibu, hiyo si shingo ya jogoo," ulisema. Yangu ilianza A ikafia katikati ya M, yako ikaendelea mpaka mwisho. Kila Jumapili uliyorudi nyumbani ulinipa maneno kumi ya kwako, nikakupa kumi ya kwangu, na aliyekosa matatu anachota maji.

Usiniambie ninunue nyingine. Nimenunua. Ni safi kama sahani isiyoliwa. Ile yetu tuliijaza penseli pembeni, Kiswahili na Kinyaturu, miaka miwili ya masomo ya jioni, na sentensi zote ulizitunga wewe, ukaziandika upande wako. Mimi maneno nayaokota kama mayai. Kuyapanga yasimame yawe sentensi ndipo ninapoanguka, na mwaka jana nilianguka hapo hapo.

Na sababu yangu ya kusoma unaijua, ulinisaidia kuizika. Vifaranga arobaini na tatu. Nilisoma karatasi ya dawa, nikaelewa nusu, nikakoroga kwa nusu niliyoelewa. Kulipokucha hakikulia hata kimoja. Chuo cha mifugo wanataka cheti, cheti changu kimepungukiwa na somo hilo moja, na mimi nimechoka kusomewa karatasi za kuku wangu na watu wasiofuga hata njiwa.

Sasa nije kwenye kosa lako.

Nusu yako uliishonea jalada la kitambaa cheusi isichanike. Ukiwa nyumbani, alfajiri unakaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, kitabu mkononi, midomo inacheza. Mama yako hajui kusoma, na kwake Kiingereza na Kilatini cha kanisani ni kimoja. Alikuona, akaja kunigombeza mimi kwenye kinu: "Mama Deo, punguza mchi, mwenzio anasali!" Nikakutazama nikingoja useme, "Mama, hiki ni Kiingereza." Ukanikonyeza. Ukafunga macho kabisa, ukainamisha kichwa kama mtakatifu wa kwenye picha, na uwele wa nyumba nzima nikautwanga peke yangu. Asubuhi ngapi, Asteria? Nami nilicheka. Hapo nilikosa na mimi.

Halafu tumbo likakushika Jumatano, Ijumaa ukawa huna kauli, Jumamosi tukawa tunapikia waombolezaji. Mimi mke wa nyumba hii nilikuwa kwenye mafiga, sikuona wakikuvika. Nilisikia tu kinamama wakisema, "Mama yake kamwekea kitabu chake cha sala kifuani, alivyokipenda." Nikasema moyoni, vizuri. Nikakoroga ugali.

Sanduku lako la bati Mama alilifunga, ufunguo akauning'iniza shingoni. Alisema halifunguliwi mpaka tumalize kuvuna alizeti, ukoo ukae, vitu vigawanywe kama inavyotakiwa. Mara tatu nilimwomba anitolee kitabu cha Kiingereza tu. Mara ya tatu akaniuliza kama nimefiwa na mwanawe au na kitabu. Nikaenda kuvuna alizeti.

Siku ya kikao akafungua. Khanga nne, sweta, viatu vya kanisani. Chini kabisa, kipya kama kilivyotoka dukani, kitabu chako cha sala.

Wifi, hapo ndipo nilipojua umezikwa na nini. Mama akakiinua, akakigeuza huku na huku, akanipa mbele ya wote. "Na hiki ni cha nini?"

Wote walikuwa wananitazama mimi, kwa sababu ndiye msomi wa nyumba. Kama ningesema ukweli, yule mama angejua kwamba mwanawe wa pekee wa kike kazikwa na kamusi, tena nusu, tena kwa mkono wake mwenyewe. Nikasema, "Ndicho kile cha Kiingereza, Mama."

"Basi chukua," akasema. "Umekililia mno."

Tangu siku hiyo sina njia. Kila asubuhi nakaa kwenye kigoda chako, kwa sababu Mama anataka aone kile nilichokililia kinasomwa. Nashika kitabu cha sala na kujifanya nasoma Kiingereza, kama wewe ulivyoshika Kiingereza ukajifanya unasali. Siwezi kutoa kamusi mpya mbele yake, ataniuliza, nusu yangu ninayo, kile cha sandukuni ninacho, hii ya tatu ni ya nini. Nimeificha kwenye banda la kuku, ndani ya kiota cha tetea asiyetaga. Nikimaliza maigizo ya kigodani naenda kuinama humo na kujifunza herufi zako, T, U, V, samadi mpaka magotini, na jogoo ananitazama kwa jicho moja kama msimamizi wa mtihani.

Kinachoniuma zaidi ni maneno ya Mama. "Asteria alikuwa anamwomba Mungu. Wewe unawaza mtihani tu." Nameza. Miezi mitano nameza.

Jumatatu hii ndipo nimeona nikuandikie. Mama alitoka nje na fimbo yake, akakaa karibu nami kuliko kawaida. Akasema, "Mama Deo, ile sala aliyokuwa akiinong'ona mwanangu, wewe ulikaa naye sana. Hujaishika hata kidogo? Nisemee. Nimeanza kuisahau sauti yake."

Ningesema siijui. Ilikuwa rahisi. Lakini alikuwa ameshafumba macho.

Nikaanza na maneno yako, yale ya Jumapili, kumikumi, kwa ule mwendo wako wa chinichini. "Neighbour. Number. Obey. Patience." Yakaja. Likitoka moja linavuta jingine. Zikaja na sentensi. Nikafika kwenye ile uliyoniandikia kwa uchokozi, "My sister-in-law pounds millet every morning and she is never tired," eti wifi yako anatwanga uwele kila asubuhi wala hachoki. Nikaisema taratibu, mpaka nukta.

"Amina," akasema Mama.

Nilikohoa ili nisicheke, na kikohozi kikageuka kilio. Akanishika goti. Hajawahi kunishika tangu niolewe.

Nilipofika bandani nikahesabu. Maneno 212 na sentensi 31 za upande wako, bila kitabu. Hazitoshi, upande wako tuliandikia penseli maneno yapata mia nane. Ila sikujua kama ninazo hata hizo.

Sasa anaidai kila asubuhi. Nimenaswa mara mbili, wifi, na wa kunitoa hayupo. Nimepiga hesabu: wiki tisa ni asubuhi sitini na tatu. Nikiongeza maneno kumi na sentensi mbili kila siku kutoka kwenye ile ya bandani, sala yako itafika Z kabla ya mtihani, na Mama atasema Amina kwa yote.

Nakuahidi nitaingia kwenye chumba cha mtihani. Sentensi ikigoma kusimama, nitaisema kwanza chinichini, kwa mwendo wako. Na Mama sitamwambia. Wewe uliuanza uongo huu kwa kukonyeza, mimi nitautunza, maana ndio unaomlaza usingizi.

Lala salama, Asteria. Na kama huko kuna kinu, safari hii mchi ushike wewe.

Wifi yako,
Mama Deo