Warembo Ishirini na Wawili, na Sitang

Shangazi Oyang mpendwa wa safu ya ushauri, naomba msaada wako kabla sijaachwa. Mimi ni mwandishi wa ukurasa wa sherehe katika gazeti moja hapa mjini Iloilo, huu mwaka wa nne, na ukurasa wetu unaujua, mwanamke hatajwi jina tupu, akiolewa ni mrembo, akisafiri kwenda Manila ni mrembo, akiibiwa kuku ni mrembo, na mhariri wangu Mzee Ponsing alinifundisha siku ya kwanza, "Kijana, usihangaike kumwangalia, andika mrembo, maana ana kaka zake," nami nikafuata hivyo mpaka mwezi uliopita kwenye maandamano ya kanisa ya maua ya Mei, wasichana ishirini na watatu, nikawaandika mmoja mmoja, mrembo Bi. huyu, mrembo Bi. yule, na nilipofika kwa Sitang, mchumba wangu, nikaona haya kumsifu wangu mwenyewe gazetini, watu wasije wakasema najipigia debe, basi nikaandika jina lake tupu, "na Bi. Visitación Sorongon", nikaweka nukta.

Kesho yake sokoni muuza samaki akamuuliza mama yake Sitang, "Kwani binti yako ana nini, mbona wenzake wote warembo?" na sasa shangazi zake wakiandaa meza huita, "Warembo ishirini na wawili, na Sitang, njooni mle," Sitang amenirudishia barua zangu zote, mama yake anasema harusi ya Agosti isubiri kwanza nieleze kasoro niliyoiona mimi na wao hawajaiona, nami nampenda, Shangazi, ni mpole, ni mchapakazi, anaimba kanisani, supu yake ya molo, ile ya vitonge vya unga vyenye nyama, haina mfano, nikamwomba Mzee Ponsing tuchapishe sahihisho, akacheka mpaka akakohoa, "Tusahihishe nini, jina limekosewa?" Sasa nilipenyeze sahihisho kwa siri, au ninyamaze mpaka wasahau?

Mwenye Haya, mtaa wa Jaro

Mwenye Haya,

Pole, mwanangu. Sasa tulia nikuambie. Hawatasahau. Mji huu bado unakumbuka nani aliteleza kwenye maandamano kabla ya vita, na alivaa viatu gani.

Unadhani neno hilo halina uzito kwa sababu unaligawa kila siku. Mgawaji halimgusi, anayerukwa ndiye linayemuuma. Mimi gazeti liliniita mrembo nilipokanyagwa na gari la farasi nikanusurika, nikiwa na miaka hamsini na tisa na mguu umefungwa plasta. Nilijua mnanidanganya. Kile kipande nilikikata, kimo ndani ya kitabu changu cha sala mpaka leo. Wewe umewapakulia wapita njia wali, mchumba wako ukamwachia ukoko, halafu unasema ni adabu. Adabu gani hiyo?

Sahihisho usithubutu. Ambao hawakusoma watasoma, na waliosoma watasema mama mkwe amekukaba koo.

Na kuna jambo kubwa kuliko gazeti. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta. Umenitajia upole, kanisa, supu. Hata mimi nisiyemjua hukuniambia kwamba binti ni mzuri. Je, yeye mwenyewe umewahi kumwambia, kwa mdomo wako? Nadhani hujawahi. Alikuwa anasubiri kwa subira, akasema moyoni, hasemi lakini ataandika. Ukaandika nukta.

Jumapili hii baada ya misa wachukue wazazi wako, bebeni chakula cha kutosha, mwende kwao mkapose upya kana kwamba hamjawahi kufika. Shangazi zake wote wawepo, hasa wenye midomo. Usibebe karatasi. Lile neno la kazini liache kazini, limeshachakaa. Mwambie unachokiona ukimtazama: kama ni macho, sema macho, kama ni vile anavyofunika mdomo akicheka, sema hivyo, kwa sauti, mama yake asikie. Utatetemeka. Tetemeka, lakini sema. Ukishindwa, mwache Sitang aolewe na mwanamume anayeweza kusema. Wapo wengi, na hakuna hata mmoja wao anayeandika gazetini.