Kwa Mayu, Uliyechoma Matofali kwa Pumba

Mpendwa Mayu, mama yangu,

Mwanao ndiye mchoma matofali hatari kuliko wote kuanzia hapa Litapunga mpaka Ziwa Tanganyika. Tanuri likinisikia nakohoa tu, linajiwasha lenyewe. Kiberiti nabeba kwa heshima. Juzi injinia katoka Mpanda mjini na mabuti yake safi, akagonganisha matofali yangu mawili, yakalia kama kengele ya shule. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia, "Kidato cha pili, mzee, na chenyewe nilikiona kwa mbali." Akanipiga picha mbele ya tanuri langu la pumba. Nimetoka vizuri kuliko tanuri.

Ungekuwepo ungesema, "Punguza mdomo, ongeza maji kwenye udongo." Ila hupo, na kuna jambo sikukwambia mpaka tukakufukia. Nitalisema humuhumu. Niache nizunguke kwanza, unanijua.

Unakumbuka ile siku tunatoka kukoboa mpunga? Ulisimama kwenye lundo la pumba nyuma ya mashine. Lilikuwa limewashwa wiki nzima nyuma, na bado linafuka chini kwa chini. Ukachomeka fimbo, ikatoka na ncha nyekundu. "Hiki kitu hakizimi," ukasema, "na sisi tunahangaika kuua miti." Mimi nikasema twende, jua kali. Wewe umeganda pale, unawaza. Nilipokuwa mdogo magogo ya kuchomea tuliyakata nyuma ya zizi. Siku hizi mkokoteni unaondoka asubuhi, unarudi jioni, ng'ombe hoi. "Mti umenizidi umri, niuchome siku tatu nipate ukuta? Hapana," ukasema.

Basi msimu ule tukachanganya pumba kwenye udongo. Ukapandisha kitenge, tukakanyaga tope. Nikakwambia unakanyaga kama ng'ombe aliyeona miiba, ukanibandika tope shavuni mbele ya watu. Tukafyatua, tukaanika, tukapanga tanuri, na kila tabaka ukalimwagia pumba katikati. Magogo yakawa machache tu, ya kuwashia. Na matofali yale hayakuwa ya kuuza. Yalikuwa ya nyumba yako, vyumba viwili, maana ulichoka kuhamisha kitanda kila mvua ikinyesha. Msingi ulishauchora chini kwa jembe.

Jirani yetu Maduhu, mwenye tanuri la magogo ng'ambo ya njia, hakulala na neno.

"Mama, hapo unachoma matofali au unapikia kuku?"

"Kuku wako akishiba mwambie aniletee mayai."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Moto ulipokolea tukaziba midomo ya tanuri kwa tope. Kesho yake ikaja simu ya msiba kutoka Ikola, dada yako kafariki. Ukaenda kuzika. Uliporudi, hata hujapumzika, tukafungua. Tofali la kwanza ukalishika, likagawanyika mkononi mwako. La pili hivyohivyo. Tukashusha tabaka kwa tabaka, yote nyufa. Maduhu akaja, akaangalia, akarudi kwake ng'ambo ya njia. Bora angecheka.

Ukakaa juu ya vile vipande. "Nimekosea kipimo," ukasema. "Pumba nilizidisha. Nisamehe mwanangu, nimekupotezea nguvu zako."

Mvua zikaja, ukahamisha kitanda tena, huku na huku. Kifua kikakushika, na kiangazi kingine hukukiona. Msibani walisifia ugali wako na kicheko chako. Mama mmoja alianza kutaja lile tanuri, mwenzake akamfinya anyamaze, kama vile ni aibu yako.

Mwaka huu nimejaribu. Nimetumia debe lako lilelile la kupimia, pumba kiasi kilekile, sikupunguza hata kiganja. Yametoka mekundu, magumu, mpaka yanatisha. Maduhu mwenyewe sasa anasomba pumba kwa mkokoteni, ananiita, "Dogo, nielekeze." Nyumba nimeijenga palepale ulipochora. Chumba kimoja nalala mimi. Kingine nakifagia tu, kitanda nimeshindwa kuweka.

Sasa nalisema. Ulipopanda gari la Ikola ulinishika bega: "Pumba inatunza moto ndani. Usifungue hata tundu mpaka nirudi, upepo utayapasua." Nikajibu, "Nyie wazee mna wasiwasi." Siku ya tatu Maduhu akanitania kwamba mle ndani mna uji. Mimi na mdomo wangu nikasema subiri, nikuletee tofali moja tu. Nikabomoa tope la mdomo wa upande wa upepo. Nilichomoa jekundu, Mayu, zuri sana. Halafu nikasikia huko ndani, tak, tak, tak, tanuri linajibu tabaka kwa tabaka. Lile la mkononi nalo likapasuka, sikumpelekea mtu. Nikaziba haraka, nikalainisha tope kwa kiganja ili usijue.

Kipimo chako kilikuwa sawa. Tanuri nilifungua mimi. Halafu ukaniomba msamaha, nami nikakujibu, "Haina shida, Mayu, nimekusamehe."

Kitindamimba wako