Brauza ya Mama Mutua

Machakos Mjini
Novemba

Kwako Baba mpendwa,

Nakuamkia kutoka huku Ukambani, nikiamini kwamba barua hii itakukuta umeketi barazani na kile kifua kimetulia. Kaka Mwakio aliniambia kwa simu kwamba baridi ya Wundanyi imekuwa kali na umeanza tena kukohoa alfajiri. Tafadhali usiende shambani kabla jua halijatoka. Mama naye vipi? Mguu umepona, au anaficha kama kawaida yake? Mimi sijambo. Mvua imenyesha vizuri hapa, mahindi yamesimama hadi kando ya barabara, na watu wana nyuso za kushiba hata kabla ya kuvuna.

Barua yako niliipata. Uliniuliza jambo lililonichekesha kwanza, kisha likanikaa rohoni. Ulisema binamu wa Voi amekueleza kwamba siku hizi ziko programu mbili za kufungulia intaneti, wenyewe wanaziita brauza, na watu wanazigombania kama vyama vya siasa. Ukauliza, "Kama moja ni bora, kwa nini wote wasiitumie hiyo?"

Baba, hapa saiba, duka la kompyuta za kukodi ninapofanya kazi, nasikia ugomvi huo kila siku. Brauza ya zamani ina alama ya herufi ya buluu, na hii mpya ina alama ya mbweha. Kuna mwalimu mmoja mstaafu anayekuja kusoma magazeti, yeye hataki kusikia habari za mbweha. Kuna na Otieno, kijana wa kushona nguo kule viwanda vya EPZ Athi River, ambaye akikuta mtu anatumia ya buluu anamtazama kama mtu aliyevaa viatu vya kushoto miguu yote. Siku moja nilimuuliza Otieno mbweha alimpendea nini. Akasema ni kasi. Nikamuuliza alijuaje. Akafikiri, akasema, "Kuna beste yangu wa line yetu alinionyesha. Alikaa na mimi lunch hour yote mpaka nikashika." Mwalimu naye alifundishwa ya buluu na mkewe, ambaye sasa ni marehemu. Ndipo nikaanza kuona kwamba mtu hashiki brauza tu, anashika na aliyemwonyesha.

Lakini aliyenifundisha jambo hili kabisa ni Mama Mutua.

Mama Mutua ni mjane wa Kyumbi, anauza machungwa pale njia panda. Mwanawe Mutua alikwenda Arabuni kufanya kazi ya ulinzi. Kabla hajaondoka alimleta mama yake hapa kwetu, akamfungulia anwani ya barua pepe kwenye kompyuta ya karibu na dirisha, akaiambia mashine ikumbuke neno la siri ili mama asisumbuke. Akamwambia, kama Wakamba wanavyomwita mama, "Mwaitu, bonyeza hii ya buluu, ungoje. Utanikuta." Basi kila Jumamosi mama alikuja na kikapu chake kitupu, akaketi dirishani, akabonyeza, akangoja. Anasoma Kikamba vizuri kwa sababu ya Biblia, na Mutua alimwandikia Kikamba. Watu wakimkuta wanampisha.

Nilipomwambia ajaribu mbweha kwa sababu ni mwepesi, alikataa kwa upole. "Mutua aliniambia hii. Hakuniambia ingine."

Mwaka huu, kabla ya mvua, Mutua alifariki. Gari lililokuwa likiwarudisha kutoka kazini liligonga lori. Mwili ulikuja, tukamzika Kyumbi, na mimi nilikwenda. Sijawahi kuona mtu akilia kwa utaratibu namna ile, Baba. Alilia kama mtu anayefanya kazi.

Nilidhani hatarudi tena saiba. Jumamosi iliyofuata nilimwona mlangoni na kikapu chake. Akaketi dirishani, akabonyeza ile ya buluu, akasoma barua za zamani, moja baada ya nyingine, kisha akaenda zake. Akawa anakuja hivyo kila juma.

Sasa tajiri wangu, Bwana Musyoka, si mtu mbaya. Lakini ile kompyuta ya dirishani ilikuwa imejaa virusi, na virusi hivyo viliingilia ile ya buluu. Binti mmoja wa chuo alipoteza kazi yake ya muhula mzima pale, akalia mpaka tukafunga mlango. Tajiri akasema fundi anakuja Jumatatu, mashine zote zifutwe kabisa, ziwekwe mbweha peke yake.

"Na Mama Mutua?" nikamuuliza.

"Barua haziko ndani ya hiyo mashine, Mghoi. Ziko mbali huko. Atazisoma na hii ingine."

"Hajui neno la siri. Hiyo mashine ndiyo inalijua."

Akajikuna kichwa. "Basi ongea na yeye. Mimi siwezi kuwaacha wengine wakiumia."

Nilijaribu kwanza kulitafuta lile neno mwenyewe, lakini mashine ilionyesha vitone tu. Jumamosi ikafika, na mama naye akafika. Nikavuta kiti karibu yake, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hivyo mkifuta, sitamwona?"

"Iko njia moja, mama. Mutua alipofungua anwani, alitakiwa kuandika swali na jibu lake, kwa mtu akisahau. Tukijua jibu, tutaweka neno jipya. Lakini tukikosea kosea wanaweza kutufungia."

"Uliza hilo swali."

Tukahamia mashine nyingine, nikafungua mbweha, nikaandika anwani yake, nikabonyeza pale pa waliosahau neno la siri. Swali likatokea. Lilikuwa kwa Kikamba, na Kikamba changu ni cha sokoni, lakini mimi ndiye niliyekaa mbele ya kioo, kwa hiyo nilimsomea polepole jinsi nilivyoweza: Dada yangu aliitwa nani?

Nikaingiwa na hofu, Baba, kwa sababu mama alikuwa ameniambia zamani kwamba Mutua alizaliwa peke yake. Nikasema, "Labda ni binamu? Au msichana wa kanisani?"

Akaniomba nisome tena. Nikasoma. Akashusha kitambaa chake cha kichwa mpaka karibu na macho.

"Mwikali," akasema.

"Ni nani, mama?"

"Alimfuata Mutua. Surua ilimchukua kabla hajajua kutembea vizuri. Baba yao alisema tusimtaje tena nyumbani, na mimi sikumtaja. Mutua alikuwa kadogo hivi." Akaonyesha kwa mkono, chini kidogo ya meza. "Nilifikiri alisahau. Hakuwahi kuniuliza, mwiitu wakwa, binti yangu. Hata siku moja."

Nikataka kuandika jibu, akanishika mkono. "Niache mimi."

Akaandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi, akiitamka kabla ya kuigusa. Alipomaliza, ukurasa ulifunguka. Tukaweka neno jipya, lake mwenyewe, na mimi nikageuka upande mwingine alipoliandika. Kisha barua zote zikajitokeza, hakuna hata moja iliyopotea. Otieno alikuwa kwenye mashine ya jirani. Alikuwa amesikia yote, akaondoka kimya kimya akaenda kusimama nje.

Mama hakuzisoma siku hiyo. Aliniuliza mtu anaandikaje barua, kwa kuwa miaka yote hiyo alikuwa akisoma tu, majibu yake akimwambia Mutua kwa simu. Nikamwonyesha. Akaandika, nami nikakaa karibu kumsaidia pale herufi zilipojificha. Ilikuwa fupi. Ilisema: Mutua, Mwikali alikuwa na macho yako. Ungeniuliza ningekuambia.

"Sasa inaenda?" akauliza.

"Bonyeza hapa, mama."

Akabonyeza, ikaenda. Nasi tukaketi tu pale mpaka mtu akaja kuniita nimtolee karatasi kwenye printa.

Kwa hiyo, Baba, swali lako sina jibu lake lote. Najua tu kwamba tangu siku hiyo simwambii mtu yeyote brauza yake ni mbovu kabla sijamuuliza nani alimfundisha.

Nisalimie Mama, umwambie nimepata dawa ya kuchua mguu, nitampa mtu anayekuja upande huo. Mwakio mwambie aandike naye, asitegemee simu tu. Shangazi wa Mgange, yule wa kwaya, mpe pole kwa ng'ombe wake. Nyanya mwinamie sikioni umtajie jina langu kwa sauti, maana najua hasikii vizuri siku hizi, na akishasikia mshike mkono kwa niaba yangu.

Mungu awalinde nyote hapo mlimani.

Ni mimi binti yenu,
Mghoi