Vidonge Ndani ya Chai Yangu

Baba Chebet,

Chai iliyobaki kwa thamosi mwaga yote, Chebet asiguse. Githeri iko kwa sufuria.

Nimeona maganda ya vile vidonge vyako vya kutuliza wasiwasi kwa sinki. Eti kwa sababu dawa yake inatoka kwa majani chai haina madhara, ukavifungua ukavikorogea kwa maziwa ya chai yangu ili nitulie, nikanywa bila kujua! Kinyaa kilinishika mpaka nikatapika. Hata ng'ombe wetu kule Chepsaita hunyweshwa dawa akiiona chupa.

Na wasiwasi wangu uko palepale. Leo napewa majibu ya vipimo vya titi langu. Ungeniuliza tu kama naogopa.

~~Usinifuate hospitali.~~ Njoo, unishike mkono. Lakini chai nitajinunulia.

Mama Chebet