Baba, Leo Nimemuulizia Mke wa Muuzaji

Baba yangu,

Usicheke. Nimepata nyumba Upanga, vyumba viwili ghorofa ya tatu, inauzwa na mzee mmoja mstaafu. Tangu Jumatatu nina hofu mpaka nasahau chumvi kwenye mboga.

Dalali aliniambia, "Dada, wakili ninaye, anawaandikia mkataba wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Wa kwako wa nini tena?" Nusura nikubali. Kisha nikakukumbuka umesimama kwenye kile kiwanja ulichotununulia na karatasi yako ya mauziano ya kuandikwa kwa mkono, mke wa muuzaji amekaa juu ya matofali yetu na wanawe, anasema hakuna aliyemuuliza. Kabla hujalipa, mama alikusihi utafute wakili. Ukamjibu, "Mtu nasali naye, duka lake limepakana na langu, nimpelekee wakili? Si kumtukana huko!" Hata kumshtaki uliona aibu. Ukarudi Kariakoo kupima vitambaa vyako, nasi tukaendelea kupanga Msimbazi hadi ulipotutoka. Nilikukasirikia sana, baba. Sikuwahi kukuambia.

Basi nikatafuta wakili wangu, mama mmoja mwenye ofisi juu ya maduka ya vitenge. Ada yake ilinitoa jasho: nusu mwanzo, nusu akishakagua hati. Nililipa, nikachukua risiti, nikakaa kwenye ngazi zake nikijiuliza kama nimelipia nyumba au woga wangu tu.

Jana akanipigia simu. Hati ni safi, ila akauliza, "Huyu mzee ana mke? Mbona ridhaa yake siioni?"

Leo nikamwendea mzee.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Ana mvi kama zako, na kikohozi kama chako. Nikasema, "Mzee, kesho naomba uje na mama, naye asaini."

"Kwani unaniona tapeli?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikarudia ombi langu vilevile. Akasema ataona.

Miadi ni kesho saa nne asubuhi. Mama huyo asipokuja sisaini, na ada iliyokwenda imekwenda. Naogopa, baba. Sijui kama nitaingia nyumbani kwangu au nitarudi kumlipa mwenye nyumba kodi.

Ila siku ile ya kwanza wakili aliniuliza ni nani aliyenishauri nije na wakili wangu mwenyewe. Nikamwambia ni wewe.

Lala salama, baba.

Binti yako, bado mpangaji