Carton ya tele mu lupango ya kuku

Papa Joyeuse,

Sombe iko mu sufuria. Usifungule tele leo, hata juu ya kuangalia habari.

Kule soko ya Kasindi wewe ulitaka tele ile kidogo. Mimi njo nilibisha: tukamate kubwa, bei iko chini sababu kioo iko na mukwaruzo. Kisha carton yake, ile sanduku ya karatasi, nikapatia kuku balalie mule ndani. Leo asubui askari moja alipita ku lupango, akasoma maandiko ya carton, akacheka: «Mama, kuku yenu banaangaliaka tele?» Nikasema niliiokota.

Carton, uichome. ~~Tele uifiche kwa yaya Kaswera.~~ Hapana. Baaskari bakirudia, ubapatie tele tu, usibishane.

Naenda na Joyeuse kwa mama yangu, Kyavinyonge. Ule askari hakuuliza tele iko wapi. Aliuliza mutoto wetu iko na miaka ngapi.

Mama Joyeuse